Foleni ya Green Card inavyomeza umri wa wataalamu wa Kihindi

NJE kidogo ya jiji la Hyderabad, kusini mwa India, karibu na bwawa la Osman Sagar, lipo hekalu dogo la Kihindu katika kijiji cha Chilkur. Vijana hufika hapo na pasipoti mkononi. Hulizunguka hekalu mara 11 wakiomba viza ya Marekani, na anayefanikiwa hurudi kutimiza ahadi yake kwa kuzunguka mara 108. Mungu anayeabudiwa hapo wamembandika jina la Balaji wa Viza.

Mizunguko hiyo ni ya kuomba kuingia tu. Baada ya kuingia ipo safari nyingine, ile ya kupata kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, ambacho wengi hukiita Green Card. Kwa mtaalamu aliyezaliwa India, safari hiyo imegeuka foleni ambayo wengine hawatafika mwisho wake wakiwa hai.

Mwaka 2023 taasisi ya utafiti ya Cato, yenye makao yake Washington, ilikadiria kuwa maombi ya Green Card kwa njia ya ajira yaliyokwama yalifikia milioni 1.8. Kati ya hayo, milioni 1.1 yalikuwa ya watu waliozaliwa India. Kwa hesabu za taasisi hiyo, Mhindi anayejiunga na foleni hiyo angehitaji kusubiri miaka 134, na zaidi ya watu 400,000 watafariki dunia kabla ya zamu yao.

Watu hao hawakuingia kwa njia za panya. Ni wahandisi wa kompyuta, madaktari, wahasibu na watafiti walioajiriwa kihalali, wanaolipa kodi na ambao waajiri wao wamekwisha kuthibitisha kwa maandishi kwamba wanawahitaji.

Mkulima wa Newala au mwenye duka la Kariakoo anaweza kuuliza habari hii inamhusu nini. Inamhusu kwa kuwa ni habari ya mgawo, stakabadhi na bei ya muda, mambo anayoyajua kila aliyewahi kusubiri mbolea ya ruzuku au malipo ya korosho zake. Inamhusu pia kwa kuwa chanzo cha safari nyingi za aina hii ni shamba.

Shamba linalogeuka ada

Wataalamu wengi wa Kihindi walioko Marekani wametoka majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana, ambako watu huzungumza Kitelugu. Sehemu ya historia yao imeandikwa na maji ya mito ya Godavari na Krishna.

Mwaka 1852 lilikamilika bwawa la kugawa maji katika mto Godavari, eneo la Dowleswaram, chini ya mhandisi Mwingereza Arthur Cotton. Mashamba ya mpunga ya bonde hilo yakaanza kupata maji ya uhakika. Baadaye zikaja mbegu bora na mbolea, mavuno yakapanda, na familia zenye ardhi zikawa na ziada. Ziada hiyo haikurudi yote shambani. Nyingine iliingia katika biashara, nyingine katika sinema, na nyingine nyingi ilipelekwa shuleni. Vyuo vya uhandisi vikamea kama uyoga, na mjukuu wa mkulima wa mpunga akawa mwandishi wa programu za kompyuta.

Leo njia ya kawaida ya kijana huyo ni kwenda Marekani kusoma shahada ya pili. Ada ni kubwa. Benki za India hutoa mikopo ya elimu, lakini mkopo unaozidi rupia laki saba na nusu kwa kawaida hudai dhamana. Dhamana hiyo huwa nyumba au kiwanja cha familia. Wengine huuza kipande cha ardhi moja kwa moja.

Kwa lugha ya uchumi, familia imehamisha mtaji kutoka kwenye udongo na kuuweka katika kichwa cha mtoto. Na mtaji huo hulipa. Benki ya Dunia ilikadiria kuwa India ilipokea dola bilioni 129 kutoka kwa watu wake walioko nje katika mwaka 2024, kiasi kikubwa kuliko nchi yoyote duniani. Benki Kuu ya India ilieleza kuwa mwaka wa fedha 2023/24 Marekani peke yake ilichangia asilimia 27.7 ya fedha hizo, ikizipita nchi za Ghuba moja moja.

Tatizo si mavuno. Tatizo ni kwamba aliyepandwa huko hajui kama ataruhusiwa kuota mizizi.

Mgawo usioangalia wingi wa watu

Tuchukue mfano wa mbolea ya ruzuku. Wilaya imepata mifuko 1,400, na imeamuliwa kwamba hakuna kijiji kitakachopata zaidi ya asilimia 7, yaani mifuko 98. Kijiji chenye wakulima 60 kitapata mahitaji yake yote. Kijiji chenye wakulima 5,000 nacho kitapata 98. Hakuna aliyeiba mfuko na hakuna karani mvivu. Hata hivyo, katika kijiji cha pili wapo watakaosubiri mpaka wazeeke.

Ndivyo inavyofanya kazi sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1990. Kila mwaka wa fedha, unaoanza Oktoba 1, hutengwa Green Card 140,000 kwa njia ya ajira, na nchi moja kwa kawaida haipati zaidi ya asilimia 7, yaani 9,800. India yenye watu zaidi ya bilioni 1.4 ina kikomo kilekile cha Iceland yenye watu wapatao laki nne.

Kadi hizo zimegawanywa katika madaraja matano. La kwanza ni la wenye vipaji vya pekee, watafiti mashuhuri na mameneja wa kampuni za kimataifa. La pili ni la wenye shahada ya pili au ujuzi wa juu. La tatu ni la wenye shahada ya kwanza, mafundi na wafanyakazi wengine. Kila moja kati ya hayo matatu lina kadi zipatazo 40,000. Asilimia 7 ya hizo ni takriban kadi 2,800 kwa Wahindi wa daraja husika kwa mwaka.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Mke, mume na watoto wa mtaalamu nao huhesabiwa ndani ya kadi hizo. Familia ya watu wanne inakula kadi nne. Kwa hiyo kadi 2,800 zinaweza kutosha wafanyakazi 700 tu wenye familia za ukubwa huo. Kadi ambazo nchi nyingine hazikuzitumia katika daraja hilo huweza kwenda kwa wenye foleni ndefu, na ndiyo maana miaka mingine Wahindi hupata zaidi. Lakini hiyo ni mvua ya kubahatisha, haijengi kilimo.

Upande wa kuingia, mambo ni tofauti. Viza ya kazi ya H-1B, ambayo kampuni hupewa 85,000 mpya kwa mwaka, haina kikomo cha nchi. Zaidi ya asilimia 70 ya maombi yanayokubaliwa kila mwaka, mapya na ya kuongeza muda, ni ya Wahindi. Mlango wa kuingilia una upana wa lango la zizi la ng'ombe, wa kutokea ni tundu la banda la kuku.

Stakabadhi yenye tarehe

Safari ya Green Card kwa njia ya ajira ina hatua kuu tatu, na kwa wengi anayeanza ni mwajiri.

Kwanza, mwajiri huomba cheti cha Wizara ya Kazi kuonyesha kuwa amemtafuta Mmarekani wa kufanya kazi ile kwa mshahara uliowekwa na hakumpata. Kwa kazi za kitaalamu, lazima atangaze nafasi hiyo pamoja na mambo mengine katika matoleo mawili ya gazeti la Jumapili. Gharama za hatua hii, ikiwamo ya wakili, kisheria ni za mwajiri. Miaka ya karibuni hatua hiyo peke yake imekuwa ikichukua zaidi ya mwaka mmoja.

Pili, mwajiri hupeleka Idara ya Uhamiaji ombi linaloitwa I-140. Tatu, zamu ikifika, mfanyakazi mwenyewe huomba kubadilishiwa hadhi kuwa mkaazi wa kudumu, kwa fomu I-485.

Kati ya hatua ya pili na ya tatu ndipo miaka inapopotelea. Siku ombi la cheti cha kazi lilipopokewa huwa ndiyo tarehe ya mtu katika foleni. Tarehe hiyo ni kama stakabadhi ya ghalani. Mzigo umekwisha kupimwa na kukubaliwa, karatasi iko mkononi, lakini siku ya malipo haijulikani.

Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa taarifa ya viza inayoonyesha ni tarehe zipi zimefikiwa. Taarifa ya Oktoba 2025 ilionyesha kuwa, kwa daraja la pili, Wahindi waliokuwa wakihudumiwa ni wale walioingia foleni kabla ya Aprili 1, 2013. Kwa nchi nyingi nyingine, daraja hilohilo lilikuwa limefika Desemba 1, 2023. Mmoja amesubiri zaidi ya miaka 12, mwingine chini ya miwili, na huenda wanakaa meza moja katika ofisi moja.

Tarehe zenyewe hazitembei kwenda mbele tu. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2012 daraja la pili la India lilifika Mei 2010. Oktoba ya mwaka huohuo likarudishwa hadi Septemba 2004. Waliokuwa wamebakiza hatua moja waliamka wakajikuta nyuma kwa zaidi ya miaka mitano.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Julai 2007. Taarifa ya mwezi huo ilitangaza kuwa karibu madaraja yote yako wazi. Watu wakakimbilia vipimo vya afya, wakalipa mawakili na kukusanya vyeti. Julai 2 wakaambiwa kadi zimekwisha na maombi hayatapokewa. Wahindi wengi walijibu kwa mtindo wa Gandhi. Walituma mamia ya mashada ya maua kwa mkurugenzi wa uhamiaji wa wakati huo, Emilio Gonzalez, naye akaelekeza yapelekwe kwa askari majeruhi hospitalini. Julai 17 serikali ikarudi nyuma na kuyapokea maombi.

Bei ya kusubiri

Sheria ya mwaka 2000 inamruhusu mwenye H-1B kuongezewa muda kupita ile miaka sita ya kawaida, ikiwa ombi lake la Green Card limefika hatua inayotakiwa. Aliyekubaliwa I-140 na anayesubiri tarehe tu huongezewa hadi miaka mitatu mitatu. Ndiyo maana watu wanaweza kukaa miaka 15 wakiwa wageni wa muda.

Kwa juu juu inaonekana hawakupoteza kitu, kwani mshahara unaingia. Lakini muda una bei, na kwa wasubiriaji hawa bei hiyo hulipwa katika mafungu manne.

La kwanza ni nguvu ya kupatana. Akihamia kwa mwajiri mwingine, mtaalamu anaendelea na tarehe yake ya zamani mradi I-140 ilikwisha kukubaliwa, lakini mwajiri mpya lazima arudie hatua ya kwanza na ya pili. Si kila mwajiri yuko tayari. Hivyo wengi hukataa kazi bora, hata kupandishwa cheo kunakobadilisha aina ya kazi. Mfanyakazi asiyeweza kuondoka kwa urahisi ni sawa na mkulima mwenye mnunuzi mmoja. Bei anaipanga mwenzake.

La pili ni hofu ya kuachishwa. Mwenye H-1B akipoteza kazi hupewa siku zisizozidi 60 kupata mwajiri mwingine, kubadili aina ya viza au kuondoka. Mwaka 2022 na 2023, kampuni kubwa za teknolojia zilipopunguza maelfu ya watu, wapo waliokuwa na mkopo wa nyumba, watoto shuleni na miaka kumi ya foleni, wote wakihesabu siku hizo 60.

La tatu ni mtaji uliolala. H-1B ni viza ya kumtumikia mwajiri aliyeiomba. Mwenye nayo anaweza kununua hisa na nyumba, lakini hawezi kuamka asubuhi akafungua karakana au duka lake akasimama mwenyewe nyuma ya kaunta. Biashara ambazo zingeajiri wengine hubaki katika daftari.

La nne, na zito kuliko yote, ni familia. Mtoto aliyeingia Marekani akiwa na miaka mitatu hukua kwa viza ya mzazi. Akifikisha miaka 21 bila zamu kufika, sheria humhesabu kuwa mtu mzima na kumtoa katika ombi la mzazi. Sheria ya mwaka 2002 humpunguzia umri kwa muda ambao ombi la I-140 lilikaa likishughulikiwa, lakini haimpunguzii miaka ya foleni. Huyo kijana atafute viza ya masomo, aanze foleni yake mwenyewe, au arudi katika nchi anayoijua kwa picha.

Mke au mume naye amefungwa katika kamba hiyohiyo. Hadi Mei 2015 wengi wao hawakuruhusiwa kufanya kazi hata wakiwa na shahada. Tangu hapo wale ambao wenzi wao wamekubaliwa I-140 wanaweza kuomba kibali cha kazi.

Februari 2017, Srinivas Kuchibhotla, mhandisi wa kutoka Hyderabad aliyekuwa katika H-1B, aliuawa kwa risasi katika baa mjini Olathe, jimbo la Kansas, na mtu mwenye chuki dhidi ya wageni. Msiba haukuishia hapo. Haki ya mkewe kukaa Marekani ilitegemea viza ya mumewe, na mume alipokufa haki hiyo ikafa naye. Alikwenda India kuzika bila uhakika wa kurudi katika nyumba yake. Ilibidi mbunge wa Kansas, Kevin Yoder, aingilie kati ndipo akapata kibali cha muda.

Hata kwenda kumzika mzazi ni hesabu. Muhuri wa viza ukiisha, mtu akitoka nje ya nchi lazima apate mpya ubalozini kabla ya kurudi. Desemba 2025 miadi mingi nchini India iliahirishwa kwa miezi kadhaa kutokana na ukaguzi mpya wa mitandao ya kijamii, na baadhi ya waliokwenda likizo wakakwama mbali na ofisi zao.

Wanavyojinusuru

Waliokaa muda mrefu katika foleni wamejifunza kutoiacha iwaendeshe.

Jambo la kwanza wanalolifanya ni kuitafuta tarehe mapema. Mwenye uzoefu humwuliza mwajiri siku ya mahojiano kama ataanza mchakato wa Green Card na lini. Mwaka uliopotea mwanzoni haurudi. Baada ya hapo huitunza nakala ya I-140 kama hati ya shamba, kwani ndiyo inayobeba tarehe hata akibadili kazi. Kwa kanuni zilizoanza 2017, I-140 ikishapita siku 180 tangu kukubaliwa, mwajiri aliyekasirika hawezi kuifuta kwa kuiondoa tu.

Jambo la pili ni kuangalia daraja. Wapo waliohama kutoka la tatu kwenda la pili, na miaka ambayo la tatu lilikwenda kasi zaidi, wakarudi la tatu, wakiwa na tarehe ileile. Wengine huhamishiwa ofisi ya kampuni nje ya Marekani kwa mwaka mmoja au zaidi wakiwa mameneja, kisha hurudi kupitia daraja la kwanza ambalo foleni yake ni fupi. Wenye fedha nyingi hutumia njia ya uwekezaji. Tangu sheria ya Machi 2022 kiwango cha chini ni dola 800,000 kwa miradi ya maeneo maalumu, na asilimia 20 ya kadi za fungu hilo zimetengewa miradi ya vijijini. Hiyo ni njia ya wachache.

Jambo la tatu ni mahali pa kuzaliwa. Foleni hupangwa kwa nchi aliyozaliwa mtu, si kwa pasipoti wala asili ya babu. Aliyezaliwa Gujarat hubaki katika foleni ya India hata akiwa raia wa Uingereza au Kenya. Kinyume chake, mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hayumo katika foleni hiyo ndefu. Na sheria inaruhusu mume atumie nchi ya mkewe, au mke ya mumewe. Mhandisi wa Ahmedabad aliyeoa binti aliyezaliwa Dar es Salaam anaweza kuhesabiwa upande wa Tanzania. Ila foleni fupi si dhamana ya viza. Desemba 2025 Marekani iliiweka Tanzania katika orodha ya nchi zilizowekewa vizuizi vya sehemu.

Kanuni hizi zimewahi kuwalazimisha watu kufanya maamuzi ya ajabu. Mwaka 1994 Satya Nadella, mzaliwa wa Hyderabad ambaye sasa anaongoza Microsoft, aliirudisha Green Card yake katika ubalozi wa Marekani mjini New Delhi na kuomba H-1B badala yake. Sababu ni kwamba mwenye Green Card alihitaji kusubiri miaka ili amlete mke, wakati mwenye viza ya muda aliweza kumleta bila foleni hiyo.

Jambo la nne ni kuwa na mlango wa pili. Julai 2023 Canada ilifungua nafasi 10,000 za kibali cha kazi kwa wenye H-1B walioko Marekani, na zikajaa kabla ya siku mbili kwisha. Wengine wamerudi nyumbani. Hyderabad na Bengaluru sasa zina ofisi nyingi za kampuni za kimataifa zinazofanya kazi ambazo zamani zilifanyika California.

Lakini mlango wa kurudi Marekani umekuwa ghali. Septemba 19, 2025 Rais Donald Trump alitia saini tangazo la kudai dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walioko nje ya nchi hiyo. Kwa anayefikiria kuondoka kisha kurudi, gharama ya kujaribu ilipanda siku ile.

Kwa nini sheria haibadiliki

Dawa inayotajwa mara nyingi ni kuondoa kikomo cha asilimia 7. Julai 2019 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada huo kwa kura 365 dhidi ya 65. Desemba 2020 Seneti nayo ikapitisha muswada wa namna hiyo, lakini maneno ya miswada miwili hayakulingana na bunge likamaliza muda wake. Mwaka 2022 jaribio jingine liliondolewa kabla ya kupigiwa kura.

Wanaopinga wana hoja. Kikomo kikiondolewa bila kuongeza idadi ya kadi, mifuko ya mbolea itabaki ileile. Foleni ya Wahindi itapungua, na ya wengine itarefuka, wakiwamo wauguzi wa Ufilipino na wa Kenya ambao huingia kupitia daraja la tatu. Wapo pia Wamarekani wanaoamini kuwa wataalamu wa kigeni hushusha mishahara yao. Muswada unaomfurahisha mmoja humkwaza mwingine, na miaka inakwenda.

Nafuu iliyopatikana ilitokana na bahati. Wakati wa ugonjwa wa korona balozi zilifungwa, kadi nyingi za upande wa familia hazikutumika, na kisheria zikahamia upande wa ajira. Mwaka wa fedha 2021 ukawa na kadi takriban 262,000, na 2022 takriban 281,000. Hata hivyo, mwaka 2021 makumi ya maelfu ya kadi hizo yalipotea kwa sababu idara haikuwahi kuyashughulikia maombi kabla ya Septemba 30. Mbolea ilifika, ikakosa wa kuigawa, msimu ukapita.

Hesabu ya familia

Kwa familia ya Afrika Mashariki inayofikiria kuuza shamba ili mtoto aende ng'ambo, kisa cha Wahindi kina mafunzo ya kuchukua.

Kazi na makazi ni vitu viwili. Mkataba wa ajira nje ya nchi haumaanishi haki ya kukaa, na ni busara kuuliza tangu mwanzo lini na kwa njia gani haki hiyo hupatikana, na nani mwenye kuiomba. Dalali anayeahidi kumpitisha mtu mbele ya foleni kwa malipo ya haraka anauza upepo, kwani zamu hupangwa kwa tarehe na kutangazwa hadharani kila mwezi.

Pia, si busara kuuza ardhi yote. Familia nyingi za bonde la Godavari zilizopeleka watoto Marekani zilibakiza mashamba, yakalimwa na wapangaji. Mtoto mwenye pa kurudi hukaa foleni akiwa na uchaguzi. Asiye na pa kurudi hukubali masharti yoyote.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtaalamu wa Kihindi alipewa jembe siku ya kwanza, naye akalima. Miaka 12 baadaye mahindi yako ghalani, kodi amelipa na mtoto anamaliza shule, lakini kila baada ya miaka mitatu bado anabisha hodi.